Kibodi ya Vifungo

Nimechapa katika ofisi ya Wakili miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo sikuwahi kutazama kibodi. Anayetazama kibodi ni mwanafunzi. Macho yangu hukaa kwenye karatasi, vidole vinajua kazi yake, na kidole kidogo cha kushoto kimepinda kwa kubonyeza Control. Ni kilema cha kazi, nami nakionea fahari.

Basi kompyuta ya zamani ikafa, Wakili akaleta nyingine ya ukoo tofauti kabisa. Nyembamba, inang'aa, na kila mtu humo ndani kahamishwa. Kazi zote za Control, kunakili, kukata na kubandika, kapewa mgeni anayeitwa Command, anayekaa jirani na kitufe kirefu cha nafasi na kubonyezwa kwa kidole gumba. Alt anajiita Option. Backspace hayupo. Yupo Delete, ambaye kwenye mashine yangu ya zamani alifuta kilicho mbele, na huku anarudi kinyumenyume.

Delete ndiye aliyeniponza. Siku ya tatu niliandika, "Mteja wetu hana hatia kabisa." Wakili akasema neno la mwisho limezidi. Nikasogeza mshale hadi linapoanzia neno hilo, nikagonga Delete mara sita, macho kwenye karatasi kama desturi yangu. Barua ikaenda kwa upande wa pili ikisema, "Mteja wetu hana kabisa."

Wakili hakufoka. Afadhali angefoka. Alivua miwani, akasema polepole, "Mama, Ijumaa wanakuja wale ndugu wawili wanaogawana nyumba. Watataka mkataba urekebishwe papo hapo, wamekaa wanatazama. Ikishindikana, itabidi shemeji yangu achukue meza hii, wewe uhamie kwenye mafaili."

Chumba cha mafaili hakina hata dirisha. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamweleza mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake. Nikamwonyesha picha ya kibodi niliyoipiga kwa simu. Aliikuza, akachukua futi yake na kuanza kuipima kwa makini yote anayompimia bibi harusi.

"Hapa shida ni mkono kuzoea," akasema. "Mkono unafundishwa kwa kurudia. Niachie hiyo simu."

Jioni ya pili nilikuta mezani kitambaa kizito kilichoshonewa vifungo vya shati safu kwa safu, kila kimoja na herufi yake ya uzi mwekundu. Kitufe cha nafasi kilikuwa kipande cha mkanda wa suruali. Command ilikuwa kifungo kikubwa cha koti, rangi ya shaba, ili kidole gumba kikipate bila kutafuta.

Nikacheka hadi machozi. Yeye hakucheka. Alirudi kwenye cherehani, akaanza kuniamuru huku akishona.

"Nakili. Bandika. Kata. Mama Watoto, hicho kidole kidogo nakiona."

Kilipozidi ukaidi alikifunga kwa utepe. Kufikia Alhamisi gumba langu lilikuwa linakwenda lenyewe.

Ijumaa wale ndugu walikuja wamekasirikiana, wakakaa nyuma yangu, mmoja kila bega. Mkubwa akataka kipengele cha ngazi kitangulie vyote. Nikavuta pumzi, nikakichagua, nikabonyeza Command kwa gumba langu lililosoma, pamoja na X, ili kukikata. Kimya. Nikarudia. Kimya. Mara ya tatu jasho likanitoka, na mdogo akaguna, "Ndiyo mchapaji huyu?"

Wakili akainama sikioni kwangu. "Mama, tumia tu mkono wako wa zamani. Jana ulipoondoka nilimwita fundi wa kompyuta, akabadilisha kazi za vitufe humo ndani. Control ndiyo inafanya kazi ya Command. Nilitaka uikute tayari."

Sikujua nimshukuru au nimpige kwa hiyo kibodi. Nikakiita kidole kidogo kazini, nacho kikaja mbio. Kipengele kikaruka juu, marekebisho saba yakapita, ndugu wakasaini bila kusalimiana. Meza ikabaki yangu.

Nyumbani cherehani ikanyamaza nilipoingia.

"Gumba?" akauliza.

"Limefanya kazi," nikadanganya.

Jumapili tulikuwa na harusi ya binamu yake. Akatoa lile koti lake tulilofungia ndoa, akalivaa, akasimama mbele ya kioo akijaribu kulishikilia kwa mkono. Kifungo kimoja hakikuwepo. Vilivyobaki vilikuwa vikubwa, rangi ya shaba.

"Kifungo cha koti kiko wapi?" nikamuuliza, ingawa nilishajua.

"Kipo kazini," akasema, akaenda kutafuta pini.

Nililia kwenye harusi hiyo kuliko mama wa bibi harusi, watu wakadhani nampenda sana binamu.

Jumatatu nilimsubiri Wakili mlangoni. Kabla hajaweka mkoba chini nikamwomba amwite tena fundi wa kompyuta, amrudishie Command kazi yake.

"Kwani yale mabadiliko yanakusumbua?"

"Hapana, Wakili. Yamenisaidia sana. Ila sasa nataka kutumia gumba."

Akaweka mkoba chini, akachukua simu.