Mate ya Akal

Darubini ya shule ilipotea Jumatatu, na kufikia Jumatano Mwalimu Abdinasir alikuwa ameshaapa kumnasa mwizi kwa mate. Ebo! Kwa mate! Lakini ndiye mwalimu wa Biolojia, na hapo shuleni Burat nani angembishia?

Akawapanga watatu wenye ufunguo wa stoo ya darubini: Akal mpishi, Waqo mlinzi, na karani. Kila mmoja akatema mate kwenye glasi ya uji mwepesi uliotiwa iodini ukawa buluu.

“Mwizi huogopa,” mwalimu alisema, kichwa juu. “Ukiogopa, adrenalini inaingia kwa damu, inashika vipokezi vya tezi za mate, na tezi zinamwaga vimeng'enya. Vimeng'enya hivyo ndivyo vinavyokula wanga wa uji. Buluu ikiisha haraka, mwizi ni wewe.”

Sasa Akal, maskini, alikuwa anatetemeka kabla hata ya kutema. Binti yake Achuka alikuwa kidato cha nne hapo hapo, akisoma bure kwa sababu mama ni mpishi. Mama akifukuzwa, binti naye nje, na mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki tatu. Moyo ulimdunda mpaka akausikia masikioni. Glasi yake ilipoteza rangi kwanza. Ya karani ilififia polepole, na ya Waqo ilikaa buluu vile vile.

“Mwalimu, mimi naogopa tu. Kuogopa si kuiba.”

“Mama Achuka, sayansi haina huruma,” akajibu, na akacheka, mshenzi yule.

Saa sita barua ya mkuu wa shule ya kumfukuza ilikuwa tayari. Mwalimu mwenyewe alimsindikiza mpaka getini, ambako Waqo alikuwa akimeza kidonge kwa chai.

“Pole, mama,” Waqo akasema. “Mimi hata sikushtuka. Hii dawa yangu ya presha, daktari alisema inazuia hiyo hiyo adrenalini.”

Mwalimu akaichukua pakiti ya dawa. Akaisoma, akaisoma tena, uso ukamshuka. Akal hakusoma sana, lakini si mjinga.

“Si unaona? Mtihani wako wa mate umeharibika! Rudia, mwalimu. Nakuomba kwa jina la Mungu, rudia!”

Mwalimu alitazama huku na huku. Hakukuwa na mwingine aliyesikia. Akamrudishia Waqo pakiti yake.

“Prinsipo ameshasaini,” akasema. “Waqo, fungua geti lote. Yule msichana anakuja na sanduku.”