Sori ya Fanueli

Alipoacha kazi ya kutembeza wageni msituni Sigi, Fanueli alirudi kwao Soni na neno moja la Kizungu. Wale wageni walilitumia hovyo: wakitaka kupita, sori, wasiposikia, sori, wakipiga chafya, sori. Naye akaiga. Akikukanyaga, sori. Ukifiwa, sori. Neno samahani alilijua vizuri sana, ila lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, maana kiburi alijaliwa.

Basi siku moja mbuzi wake wakakata kamba, wakaingia kwa jirani yake Zabron, wakaitafuna miche ya kabichi yote. Fanueli akachungulia juu ya ua.

"Sori, jirani."

"Sori ya nini?" Zabron akauliza. "Unanipa pole, kana kwamba kabichi zimepigwa na mvua ya mawe? Au unaomba msamaha?"

"Sori ni sori, bwana."

Zabron akaingia ndani. Jioni habari zikafika: Jumamosi, kwenye harusi ya Loveness, binti wa Fanueli, Zabron hapigi tarumbeta. Na Zabron ndiye besi ya bendi ya usharika. Asipokuwepo, wenzake husikika kama vifaranga waliopotelewa na mama. Loveness, aliyeota matarumbeta hayo tangu utotoni, akalia mpaka macho yakavimba.

"Hiyo sori yako ni koti moja," mama yake, Efrazia, akamwambia mumewe. "La msibani hilo, la harusini hilo. Nenda kaseme neno lenyewe!"

Fanueli hakwenda kusema. Asubuhi, ukungu haujainuka, aling'oa miche kwenye kitalu chake akaenda kuipanda kwa Zabron, akitumaini mikono itausaidia mdomo. Manyunyu yakamlowesha mgongo. Zabron akatokea na jembe lake. Alikuwa ameapa kutomsemesha, lakini nani kati yetu amelelewa kumpita mtu aliyeinama shambani bila kumwambia neno?

"Pole na kazi," akasema, uso ameugeuzia mlimani.

Hapo Fanueli akaishiwa nguvu. Kupewa pole na mtu ambaye mbuzi wako wamemlia kabichi, tena shambani kwake! Aliona aibu, aibu hasa, ya kuchoma masikio.

"Asante," akajibu. Kisha akasimama, matope mikononi. "Nimekukosea, Zabron. Nisamehe."

Zabron akakohoa kidogo.

"Mstari wako umepinda," akasema, akainama kumsaidia.

Jumamosi besi ilinguruma mpaka mabonde yakaitika, na Loveness akacheza hadi shela ikamdondoka. Lakini gari la maharusi lilipoanza kuteremka kuelekea Mombo, Fanueli alibaki barabarani akifuta machozi kwa tai. Zabron akashusha tarumbeta, akamshika bega.

"Sori, bwana."

Fanueli hakuuliza ni ya nini.