Fimbo Mlangoni kwa Valli

Valli aliiweka fimbo mlangoni baada ya sala ya alfajiri, ncha moja kwenye pete ya mlango wa kulia, ncha nyengine juu ya msumari wa kushoto, akaitikisa kidogo kuona imekaa, kisha akashika njia kwenda kupanda gari moshi la Voi. Fimbo yenyewe ni mpini wa ufagio. Ufagio ulikwisha zamani. Huku Mji wa Kale kila mwenye duka ana yake. Ukienda msikitini, ukienda kunywa kahawa, ukienda kumtazama mgonjwa, hufungi duka. Waweka fimbo, au kiti kilicholazwa, na mtu akija ajua mwenyewe yu karibu, yuwarudi. Hapana mtu avukaye fimbo. Hata paka wa mtaa ule, na paka wetu mwawajua, hupita chini yake kwa adabu.

Duka ni la nyuzi, vifungo na zipu. Ukitoka Ngome ya Yesu, ukawapita wale wauza vinyago wasemao kila lugha, ukaingia kichochoroni, utalikuta kabla hujafika kwa Owais muuza uturi. Baba yake Valli aliuza nyuzi hapo hapo, na babu yake ndiye aliyezileta kutoka Kachi, ng'ambo ya bahari. Nyuzi za huko hazikatiki ovyo kama hizi za siku hizi, lakini hayo ni maneno mengine.

Mkewe Valli aliitwa Mariya. Alifariki mwaka wa korona, ila si kwa korona, kwa moyo. Baada ya kuzikwa Mariya, ngazi ya nyumba yao iliacha kulia. Ni ngazi ya mbao, ya kwenda juu, na miaka yote ilikuwa ikilia Valli akiikanyaga, mtaa mzima twajua sasa amefunga duka yuwapanda kula. Mariya akiisikia ndipo alipokuwa akipakua. Sasa ikanyamaza. Valli akamwita Kenga, seremala, aje aitazame. Kenga akapanda, ikalia. Akashuka, ikalia. Akapanda Valli, kimya.

"Ngazi nzima, mzee," Kenga akasema. "Ni wewe umepungua."

Akakusanya misumari yake, akaenda zake.

Watoto wao ni wawili. Zoya yuko Kanada na Shahid yuko Uingereza, wote wana kazi nzuri, na hapana aliye mbaya kati yao. Kila mwaka husema watakuja, na kila mwaka huzuka jambo. Basi safari hii, Valli alipotimiza sabini, wakashauriana wakamnunulia zawadi: kurushwa kutoka kwenye ndege kwa parachuti huko Voi, juu ya milima ya Taita, amefungwa na mwalimu mgongoni. Kila kitu kilipangwa kwa simu, hata kiti cha gari moshi.

"Baba, utaiona dunia yote," Zoya akamwambia.

Valli alitaka kumjibu kwamba haja yake si dunia yote, haja yake ni kuwaona wao wawili wamekaa mezani wakigombania achari. Lakini laini ilikuwa ikikatika.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Mwalimu aliitwa Kenneth, kijana wa kwao Wundanyi, mchangamfu, mdomo hausimami. Alimvisha Valli mikanda kama avishwavyo punda wa maji, akampa miwani, akamwambia akiruka akunje magoti, asipige mayowe sana kwa kuwa sikio lake Kenneth liko hapo hapo.

"Na ukiogopa, mzee, sema."

"Nikisema utafanya nini?"

"Hakuna. Lakini mtu akisema hujisikia nafuu."

Ndege ilikuwa ndogo, ya kelele, haina mlango. Ikapanda ikapanda. Chini milima ya Taita ilikuwa imejikunja kijani juu ya kijani, na mashamba ya kabichi yameshikilia ubavuni, mawe makubwa yamechomoza, na ukungu umelala mabondeni haujaamka. Upande wa pili ni nyika nyekundu ya Tsavo, na reli imepita katikati. Mbali kabisa, Kilimanjaro. Valli akatamani amwonyeshe mtu. Akageuza shingo. Nyuma yake alikuwa Kenneth, ambaye mambo yale huyaona kila siku, na alikuwa akipiga miayo.

Wakaruka. Mwanzo walianguka vizuri, upepo ukimpiga Valli mashavuni mpaka meno ya bandia yakawa yacheza. Kenneth akavuta kamba, parachuti likafunguka, la rangi ya manjano. Hapo wakasimama.

Hawakushuka. Ndege iligeuka ikaenda kutua, vumbi la ndege likapanda likatulia, nao wako pale pale.

"Mzee," Kenneth akasema, "wewe hushuki."

"Kwani kwa kawaida huwaje?"

"Kwa kawaida mtu hushuka." Akaivuta kamba ya kulia, akaivuta ya kushoto. "Hutokea. Si mara nyingi, lakini hutokea. Nyumbani kuna mtu anayekungoja?"

Valli akafikiri.

"Niliweka fimbo mlangoni."

"Fimbo haivuti mtu, mzee. Mtu huvutwa na anayemngoja. Ndio maana hushuka."

"Na wewe je? Wewe huna akungojaye?"

"Mimi nina Winnie, mke wangu, yuko pale uwanjani, ndiye anayepika. Lakini asubuhi tulikosana. Nilimwambia chapati zake ngumu." Kenneth akatazama chini, mahali palipokuwa pakifuka moshi mwembamba. "Chakula kikiiva atanikumbuka. Hana kisirani cha kutwa nzima."

Basi wakakaa pale wakizungumza. Kenneth akamweleza habari za kuku wake. Valli akamweleza tofauti ya uzi wa pamba na uzi wa nailoni. Jua lilipofika kichwani ikasikika sauti ya mwanamke kutoka chini, nyembamba lakini wazi:

"Kenneth! Haya njoo, vitapoa!"

Kenneth akawa mzito pale pale. Mikanda ikalia.

"Utanisamehe, mzee," akasema. "Tukibaki pamoja itakatika, tukose wote. Nakuachia hili kubwa. Mimi nina dogo la akiba." Akafungua vifungo kimoja kimoja, akampiga Valli bega, akashuka kwa mkewe.

Simu ya Valli ikalia mfukoni. Alikuwa Zoya.

"Baba! Umefurahi?"

"Bado niko juu, mwanangu."

"Mashallah! Basi usikatishe raha yako. Naingia mkutanoni, nitakupigia Ijumaa, utanieleza yote. Piga picha!"

"N'tapiga," Valli akasema, na simu ikawa imekwisha katwa.

Umande, ule upepo utokao bara, ndio uliomchukua. Ulimpitisha juu ya Mariakani na Mazeras taratibu, ukamvusha maji, ukamwingiza kisiwani kwa upande wa Shimanzi. Madereva wa malori walikuwa kwenye foleni ya kontena, wamezima injini. Mmoja akampigia honi, Valli akapunga mkono, foleni ikasogea. Akapita juu ya Feri. Watu waliokuwa wakingoja kuvuka wakamtazama, kwa kuwa hapakuwa na jengine la kutazama, kisha geti likafunguliwa wakakimbilia chomboni. Kwenye Ngome ya Yesu kulikuwa na mwongozaji amesimama na wageni. Akawaonyesha mizinga, akawaonyesha ukuta wa Wareno, akawaonyesha na Valli, "mfanyabiashara wa hapa, nyuzi na vifungo," akawaingiza ndani kwenye kivuli.

Upepo ukafa juu ya mtaa wake mwenyewe. Akaning'inia hapo, juu ya matangi ya maji na madishi ya televisheni, duka lake chini ya viatu vyake. Fimbo ilikuwa mahali pake.

Basi Valli akawa yuko huko. Kwa siku ngapi, hapana aliyehesabu. Njaa haikumuuma sana. Mtu mwepesi hana njaa. Adhana aliisikia, akaswali kwa ishara kama aswalivyo mgonjwa. Kutwa akitazama mlango wake. Mtu akija, aliiona fimbo, akasimama kidogo, akaenda zake. Mwengine alimwuliza Owais, na Owais, bila ya kuinua kichwa kwenye chupa zake, alijibu, "Yu karibu. Si waiona fimbo?" Na yule akaridhika. Valli hakumlaumu. Yeye mwenyewe alikuwa akiwajibu hivyo hivyo wateja wa Owais, miaka nenda miaka rudi.

Asubuhi moja akaita.

"Owais!"

Owais akatoka, akaweka mkono juu ya macho.

"Ala! Valli bhai! Hujambo?"

"Sijambo. Niko juu."

"Nakuona, nakuona. Parachuti zuri. Wateja wako nawaambia uko karibu."

"Wema wako. Wewe wanitarajia nirudi lini?"

"Mimi?" Owais akacheka. "Mimi sina wasiwasi nawe, jirani. Fimbo si ipo?"

Akarudi ndani kwa chupa zake. Valli akapanda juu kidogo, kama kimo cha mtu.

Kunyesha kulinyesha, jua likawaka. Sisi tuliokuwa tukikaa kwenye vibaraza tulikizoea kile kivuli cha manjano, hata wengine tulisogeza viti kukifuata, kilikuwa kizuri mchana. Valli alizidi kupanda. Akaona sasa paa lake limekuwa dogo kama kitambaa cha mkononi, na akaanza kuwaza kwamba hata hicho hatakiona, na kwamba akipotea juu huko, fimbo itaendelea kusema yu karibu.

Ndipo alipokuja Nyevu.

Nyevu ni fundi cherehani, ana mashine yake kibarazani karibu na Feri, mama wa Kigiriama mwenye mwili na sauti yake. Alikuwa amepewa sare za kwaya ya kanisa lao azishone, rangi ya biringani, na uzi wa rangi ile ameutafuta Biashara Street yote, hakuupata. Rangi hiyo hainunuliwi na mtu. Kwa hivyo kwa Valli ipo.

Akaikuta fimbo.

"Mzee Valli yuko wapi?"

"Yu karibu," Owais akasema.

"Karibu wapi?"

Owais akaonyesha juu kwa kidole. Nyevu akatazama, akakunja uso kwa jua.

"Haya. Basi n'tamngoja."

"Njoo ukae kwangu, kuna feni."

"Feni yako na manukato yako vitaniumiza kichwa. N'takaa hapa hapa."

Akakaa kwenye ngazi ya duka, chini ya fimbo, akavua viatu, akatoa mahamri kwenye mfuko.

Valli aliisikia miguuni kwanza. Viatu vikawa vizito kama vilivyoingia maji. Kisha magoti, kisha kiuno. Paa lake likaanza kukua. Akashuka akayapita matangi, akakunja magoti kama alivyofundishwa asikwame kwenye nyaya za stima, akapita dirisha lake mwenyewe, akaona kitanda kimetandikwa upande mmoja, akatua kichochoroni mbele ya Nyevu. Parachuti likafunika njia nzima. Tuktuk iliyokuwa yapita ikasimama, dereva akapiga honi.

"Na ungoje!" Nyevu akamfokea. "Huoni mtu yuwashuka?"

Akainuka akamsaidia Valli kulikunja. Akalishika kwa vidole, akaligeuza upande wa ndani.

"Kitambaa kizuri hiki, mzee. Na mshono wamepiga mara mbili." Akampa bunda lote mikononi. "Nataka uzi. Rangi ya biringani."

Valli aliiondoa fimbo, akaingia. Vibiringo vya uzi wa rangi ile vilikuwa vitatu, kwenye rafu ya juu, vina vumbi. Akateremsha viwili akavifuta. Cha tatu akakisukuma kwa kidole nyuma ya kopo la vifungo.

"Viwili havitoshi, mzee. Kwaya ni kubwa, na wengine ni wanene."

"Cha tatu chaja."

"Lini?"

"Karibu."

Nyevu akamtazama kidogo.

"Basi n'tangoja," akasema.

Visigino vya Valli, vilivyokuwa bado havijagusa chini, vikapiga sakafu kwa kishindo, Owais akasikia kule kwake. Na jioni ile, wa kwanza kusikia nilikuwa mimi, ngazi ya Valli ililia.

Kenneth alikuja na gari moshi kuchukua parachuti lake. Alimletea chapati za Winnie, akazisifu sana. Valli akamwuliza wamepatana, akasema wamepatana.

Fimbo Valli aliitundika, hakuiweka tena. Akanunua kufuli kubwa. Siku ya kwanza akalifunga duka sawasawa, komeo na kufuli, akapanda juu akakaa dirishani pa Mariya, ili watu waje waone pamefungwa, waulize kulikoni. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Mtu mmoja alikuja akaliona kufuli, akaenda kwengine. Owais alipofunga kwake alilitikisa kufuli la Valli, akaona limeshika vizuri, akaenda nyumbani.

Ijumaa Zoya alipiga, na Shahid naye aliunganishwa, sauti zote mbili kwa pamoja.

"Baba, mwakani tumekupangia kuzamia! Wasini, kwenye matumbawe. Kuna mwalimu, mtafungwa pamoja."

"Huko mtu hushuka?"

"Ndiyo, Baba, hushuka."

"Na kupanda hupandaje?"

Wakacheka. Wakasema Baba ana maneno. Akawashukuru wote wawili, akawauliza watakuja lini, wakasema wakijaaliwa.

Sare za kwaya zilikwisha kitambo. Zimekwisha valiwa Pasaka. Nyevu alizimalizia kwa uzi wa rangi iliyokaribia, na kanisani hapana aliyetambua. Hata hivyo akipita kwenda Feri huingiza kichwa.

"Mzee, kile cha tatu kimekuja?"

"Bado."

"Haya, n'tangoja," husema, na hapo mguu umeshatoka.

Valli hushika meza akatazama chini. Vidole vyagusa sakafu. Visigino bado.