Mafuriko ya Kukodi

Mama Vioo hakumwamini mtu yeyote anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Miaka ishirini na sita alikuwa akikata vioo vya madirisha, na kwake yeye mtu wa namna hiyo ni mawili: ama anaumwa macho, ama hataki umwone anavyoukodolea mfuko wako. Huyu aliyekaa mbele yake kwenye kiti cha wateja, macho yake yalikuwa mazima kabisa.

Pale karakana walishampa jina: Miwani. Kazi yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa kuwatafuta watu wenye fedha zao na kuwaingiza kwenye filamu zisizo na kampuni kubwa nyuma yake. Kwa maneno ya Mama Vioo, alikuwa ombaomba mwenye kompyuta.

"Mama, hapa hatusemi unaongeza pesa," Miwani alisema. "Tunasema unakuza nafasi yako. Hisa zako zinatoka asilimia thelathini, zinapanda mpaka hamsini na tano. Filamu ikiuzwa, wewe unarudishiwa mtaji kabla mtu mwingine hajagusa hata senti. Na jina lako linatangulia, peke yake, skrini nzima: Mtayarishaji Mkuu."

"Jina langu liko hapo nje, juu ya mlango," Mama Vioo alisema. "Kwa rangi nyekundu. Anayelitaka analiona bure."

Miwani akacheka sana, kama wanavyocheka watu wanaotaka kitu. Pembeni yake alikaa mwongozaji wa filamu yenyewe, Kitinda, mdogo wake Mama Vioo, mtu wa miaka thelathini na minne aliyejifunga skafu shingoni kwenye jua la saa saba mchana. Hakucheka. Alikuwa anaitafuna ncha ya skafu.

Mwaka uliopita Mama Vioo alikuwa na fedha alizoziweka kwa ajili ya tanuru la kukaza vioo vya milango mikubwa. Kitinda akaja na maneno yake, na fedha zile zikaenda kwenye filamu. Hakusoma hata ukurasa mmoja. Alitoa kama anavyomnunulia mtoto viatu vya shule, basi, yaishe. Wawekezaji wengine walikuwa wawili. Daktari wa meno alijitoa alipogundua kwamba mke wake hana sehemu ya kuigiza. Mwenye nyumba za kupangisha alitaka faida yake kila mwisho wa mwezi, kama kodi. Ndio wakubwa wenyewe hao, wapenda sanaa! Sasa picha ilikuwa imefika nusu, na kilichobaki ni kile cha gharama kuliko vyote, yaani mafuriko.

"Bila fedha hizi," Miwani alisema, "tutaweka wazee wawili kwenye benchi, wasimulie kwa mdomo."

"Bila mafuriko hakuna filamu, dada," Kitinda alisema. "Mafuriko ndiyo baba."

Mama Vioo akanyoosha mkono. "Nipe hayo makaratasi."

Akasoma, akiwa amesimama, vumbi la vioo bado likiwa kwenye mikono. Mtu mmoja anambeba mwanawe mchanga mabegani, anavuka barabara iliyogeuka mto, anamfikisha kwenye shule iliyo mwinukoni, halafu anarudi kuokoa majirani. Anarudi mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne maji yanamchukua. Na pale katikati ya ukurasa kulikuwa na sentensi moja: maji yalikuja yakinguruma kama lori lililokatika breki.

Loo! Sentensi ile aliijua. Ilikuwa yake.

Aliitunga yeye, akiwa na miaka kumi na minne, kwenye chumba cha nyuma kwa shangazi yao, kwa ajili ya mtoto wa miaka minne aliyekataa kulala mpaka aambiwe baba yake yuko wapi. Ungemwambia nini? Mama yao alikuwa amefariki wakati wa kumzaa huyo huyo anayeuliza. Baba yao aliondoka siku nne kabla ya mafuriko. Alimfuata mwanamke wa mji mwingine, akaondoka na redio, na hakusahau hata betri za akiba. Hakuokoa jirani wala paka. Aliishi miaka tisa baada ya hapo, akanenepa, na hakuwahi kutuma hata salamu kuuliza kama wanawe wanaelea au wamezama.

Aliyevuka maji yale na mtoto alikuwa yeye, dada mtu, wa miaka kumi na mmoja. Lakini mtoto hakuuliza habari za dada, dada alikuwa hapo kila siku, anamkoromea avae soksi. Alitaka baba. Basi akatengenezewa baba. Mabega aliyatia kwa sababu mabegani ndiko alikowaona baba za wenzake wakiwabeba watoto wao siku za kufunga shule. Hadithi ikiisha, na mtoto bado hajalala, alimwimbia jedwali la saba, taratibu, saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne. Halikuwahi kufika saba mara tisa kabla mtoto hajakoroma. Shangazi alisikia yote kupitia ukuta, akanyamaza, na sasa alikuwa kaburini na siri yake.

Na leo analetewa uongo wake mwenyewe, umepigwa chapa, anaambiwa aulipie. Asimamishe sanamu ya mwizi wa redio kwa fedha za tanuru! Alitaka kucheka, alitaka kumpiga Miwani kwa rula ya chuma. Zaidi ya yote alijidharau mwenyewe, kwa kutunga vizuri kupita kiasi.

Angeweza kusema pale pale. Maneno mawili tu. Akamtazama Kitinda. Mtu mzima huyu, asiye na nyumba wala mke wala akiba, alikuwa na kitu kimoja tu duniani cha kujivunia, yule mtu aliyerudi majini. Kimoja tu, na hakikuwa cha kweli.

"Nitalipa," Mama Vioo alisema. "Lakini siku hiyo nitakuwepo. Nataka kuyaona hayo maji yangu."

"Dada!" Kitinda akaruka kumkumbatia.

"Toka, utajikata na vumbi."

Mafuriko yalikodiwa siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye bwawa la kuogelea lililoachwa miaka mingi, vigae vimebanduka. Malori matano yalimwaga maji, mtu mwingine akamwaga udongo mwekundu ili yapate rangi, na pampu mbili kubwa za kukodi kwa saa zikaanza kuyasukuma yaende mbio. Upande mmoja walisimamisha ukuta wa nyumba, wa mbao nyembamba, na upande wa pili ngazi za shule. Watu wa filamu walikuwa arobaini. Mama Vioo aliwahesabu mara mbili akitafuta wanaofanya kazi, akapata kumi na mmoja. Waliobaki walitembea wakiongea na simu za upepo. Mmoja, alipomuuliza, alisema kazi yake ni kumshikia mwavuli yule anayeshika kamera.

Walimpa kiti kilichoandikwa cheo chake nyuma. Akakikalia kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mtu mwingine.

Mwigizaji wa baba alikuwa na kifua kipana na masharubu ya kubandika. Aligusa maji kwa kidole gumba cha mguu, akauliza kama hakuna ya moto.

"Ala!" Mama Vioo alisema kwa sauti.

Kitinda alipiga kelele, kamera ikaanza. Mwigizaji akaingia majini, mwanasesere mkubwa aliyevalishwa nguo za mtoto akiwa ameketi mabegani. Alitembea kifua mbele, macho juu mawinguni, kama bwana harusi. Hatua ya sita, mwanasesere akadondoka, akaelea chali, akaenda zake. Wakamfunga kwa uzi. Mara ya pili mwigizaji akateleza, wakazama wote wawili, masharubu yakaibukia mbali peke yake. Mara ya tatu alifika ng'ambo salama, akitabasamu.

"Uzito!" Kitinda alilia. "Sioni uzito! Unabeba mtoto, hubebi kombe!"

"Pampu, jamani," Miwani alisema, akitazama saa yake. "Saa ya pili inaingia."

Na mtu yule mnene aliyeondoka na redio ndiye anayepambwa hivi, Mama Vioo aliwaza. Kwa masharubu. Na amevuka akitabasamu! Kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameshavua viatu na saa ya mkononi, anashuka ngazi za bwawa na gauni lake la kutokea.

"Mama, gauni!" Miwani alisema.

"Nyamaza wewe. Nipeni huyo mtoto. Na shuka."

Mwanamke wa mavazi akamrushia shuka. Mama Vioo akainama, akajitupia mwanasesere mgongoni, akapitisha shuka chini ya mapaja yake, akaileta mbele juu ya matiti, akakaza. Fundo moja katikati. Fundo la pili ubavuni.

"Hili la ubavuni," alimwambia mwigizaji, bila kumtazama, "ni la kufungua kwa mkono mmoja. Ukipata mtu wa kumpokea, unampa haraka. Mabegani hawekwi mtoto kwenye maji. Mabegani ni kwa ajili ya gwaride."

Akaingia. Maji ya kwenye pampu yalimpiga kwenye mbavu.

"Huyaendei kifua mbele kama jogoo. Unayapa bega. Mguu huuinui, unauburuza, unapapasa kwanza. Na huangalii mawinguni, mawinguni kuna nini? Unaangalia ngazi. Ngazi tu. Mtoto akinyamaza, unambana paja mpaka alie. Anayelia ni mzima."

Pampu zilinguruma. Akaenda ubavu ubavu, mikono nyuma, hatua fupi fupi, umri wake wote umempotea usoni. Katikati ya bwawa midomo yake ilianza kwenda. Hakujua kama inakwenda. Alikilaza kichwa nyuma kidogo, karibu na sikio la mwanasesere, na mtu wa kunasa sauti, ambaye kinasa chake kilikuwa juu ya maji, akatazama vifaa vyake kwa mshangao, kisha akaongeza sauti kwenye spika ili wote wasikie.

"Saba mara tatu ishirini na moja. Saba mara nne ishirini na nane. Saba mara tano thelathini na tano."

Kitinda alikuwa ameshika tarumbeta ya kupazia sauti. Ilimtoka mkononi, ikagonga vigae. Hakuiokota.

Mama Vioo alifika ngazi za ng'ambo, akashika ukingo, akageuka. Hata wale wa simu za upepo walikuwa wamezishusha. Mwigizaji alikuwa ametoa masharubu yake na kuyaficha kiganjani. Kitinda akaja akiuzunguka ukingo wa bwawa, taratibu, akachuchumaa mbele ya dada yake. Skafu ilikuwa imeloa, hajali.

"Dada," alisema. "Baba alikuwa wapi?"

"Pampu!" Miwani akapiga kelele kutoka upande wa pili. "Jamani, saa ya tatu hii! Tunapiga au hatupigi?"

Mama Vioo alimtazama mdogo wake. Kisha akainua kichwa.

"Zima hizo pampu," alimwambia Miwani. "Saa hii ni yangu. Nimeilipia."

Maji yakaacha kukimbia. Akakaa kwenye ngazi, mwanasesere bado yuko mgongoni, akamshika Kitinda kwa mkono na kuanza kumsimulia, akianzia kwenye redio.