Kitanda cha Dirishani

Ardis Kubicek alikuwa na ugonjwa mmoja ambao dawa yake haijapatikana: hakuweza kuona jambo likapita bila kuuliza limetoka wapi. Marubani wenzake wa kampuni ya Ironwood walimpachika jina la Kapteni Kwanini, ingawa ukapteni wenyewe hajaupata. Huo ulikuwa mwaka wake wa tisa katika kiti cha kulia, rubani msaidizi, akirusha vindege vya abiria hamsini kutoka Minneapolis kwenda miji midogo ambako hata mbwa hawatoki nje mwezi wa Januari. Kila akishuka alikitupia jicho kile kiti cha kushoto, cha kapteni, kama mtoto anavyoiangalia keki ya mwenzake.

Sasa kiti kilikuwa njiani. Ironwood ilikuwa imeinunua Bluestem, kampuni ndogo ya hapohapo, na marubani wa pande zote mbili walikuwa wamekaa mezani, kwenye hoteli moja karibu na uwanja, ili wakubaliane jinsi ya kuunganishwa kuwa safu moja ya majina. Asiyeijua kazi hii atauliza kuna nini cha kugombania. Ndugu yangu, kuna kila kitu. Rubani hapandi cheo kwa kuruka vizuri wala kwa kumchekea bosi. Anapanda kwa namba yake, na namba inatokana na siku aliyoajiriwa. Namba ndiyo inayosema nani kapteni na nani msaidizi, nani atakula Krismasi kwao na nani ataila peke yake uwanja wa ndege wa Fargo, biskuti kutoka kwenye mashine. Ukichanganya safu mbili, kila anayepanda amekanyaga bega la mtu.

Ironwood walikuwa wengi, na wengi wana kawaida ya kuona haki iko upande wao. Walitaka kila mtu ahesabiwe tangu siku aliyoajiriwa na kampuni aliyomo sasa, kisha viti vyote vigawiwe upya, siku hiyohiyo. Kwa hesabu hiyo Ardis angekuwa kapteni kabla barafu haijayeyuka ziwani. Alikuwa ameshampigia simu mama yake kule Cedar Rapids, na mama naye ameshalitangazia kanisa zima.

Yeye mwenyewe alikuwemo kwenye kamati ya Ironwood. Walimteua wakitumaini kwamba maswali yake yatawachosha Bluestem mpaka wasalimu amri. Lakini mbele yao kulikuwa na Kapteni Verna Tollefson, msemaji wa Bluestem, mama wa miaka sitini na mmoja, mfupi, mwenye goti bovu na uso usiosomeka. Kila pendekezo lilipotolewa, Verna alisema neno moja, "Tunapinga," kisha akanywa kahawa yake. Ardis alimtazama wiki nzima. Mtu anayejua anazama, mbona hapigi kelele?

Maana Verna alikuwa anazama kweli. Ardis alikuwa ameona majina yalivyopangika kwenye safu mpya: lake, na chini yake palepale, la Verna Tollefson. Mmoja anapata kiti cha kushoto, mwingine anashuka kulia.

Na wanawake hao wawili walilala chumba kimoja.

Ilikuwa nyumba ya mbao nyuma ya uwanja, waliyoipanga marubani ambao makwao ni mbali, kila mtu na kitanda chake cha kujinyoosha kati ya safari na safari. Zamani wote walikula pamoja. Tangu habari za muungano zianze, wanaume wa Bluestem walihamia juu na wa Ironwood wakabaki chini, kila kundi na birika lake la kahawa, na ole wake anayekosea birika. Wanawake walikuwa wanne tu, chumba kimoja, vitanda viwili vya dabodeka, kimoja juu ya kingine. Hao wangejigawa vipi? Walikubaliana tu kwamba ya hotelini yabaki hotelini.

Halafu theluji ikaanguka siku mbili mfululizo, uwanja ukafungwa, mazungumzo yakaahirishwa, na nyumba nzima ikakwama ndani. Asubuhi ya pili wanaume wa juu walitoka na mabeleshi kusafisha upande wao wa njia ya magari, wakaitupa theluji upande wa wenzao. Wa chini wakatoka, wakairudisha. Baada ya saa mbili watu wazima kumi walikuwa wanatoka jasho kwenye baridi ya kukata masikio, na theluji iko palepale ilipoangukia.

Ardis na Verna walikuwa jikoni, wakiwatazama dirishani huku Verna akipanga viazi juu ya nyama kwenye bakuli la kuokea.

"Hao ndio tunaowapa ndege warushe," alisema Verna.

Ardis akacheka. Kisha ule ugonjwa ukampanda. "Kapteni Verna, nikuulize kitu?"

"Kama ni cha hotelini, meza mate."

"Si cha hotelini. Ni cha kitanda."

"Kitanda kimefanya nini?"

"Chako kiko juu, mlangoni mwa choo. Taa ikiwashwa inakupiga usoni. Maji yakivutwa unayasikia. Na goti lako lile, kila ukipanda ngazi nakusikia unaguna. Wewe ndiye mkongwe humu ndani kuliko sote. Kwa nini unalala kitanda kibaya kuliko vyote?"

"Aliye juu mngoje chini. Nawangojesha."

"Usinitanie, dada Verna. Kweli nataka kujua."

Verna alipanga viazi vitatu zaidi. "Unajua sheria ya vitanda vya nyumba hii?"

"Kuna sheria?"

"Mama wee! Miaka mitatu umelala humu, Kapteni Kwanini mzima, na hilo hukuuliza?" Alijifuta mikono. "Sheria ni mbili tu. Hahamishwi mtu kitandani kwake, hata aje mkongwe wa namna gani. Kitanda kikiachwa wazi, anachagua kwanza aliyeruka miaka mingi. Miaka yote, kampuni yoyote. Nyumba haiulizi umevaa nembo ya nani."

"Sasa wewe—"

"Mimi nilikuja miaka minane iliyopita, nikakuta cha juu mlangoni ndicho kiko wazi. Nikalala. Nilikuwa natoka Sandhill. Umewahi kuisikia?"

Ardis hakuwahi.

"Ndiyo hivyo. Haipo. Nilirusha ndege zao miaka ishirini, nikiwa kapteni miaka kumi na mitatu. Bluestem wakatununua. Kamati yao ikasema tuhesabiwe tangu siku tuliyoingia kwao, viti vigawiwe upya. Wakatubandika mkiani sote." Aliongea bila haraka, kama anayesoma hali ya hewa. "Siku tulipoanza nilikaa kulia; cha kushoto nilikipata tena baadaye sana. Kushoto kwangu ni kijana niliyemfundisha mwenyewe, kabla hajahamia Bluestem, kutua kwenye upepo wa ubavuni. Hakuthubutu kunitazama. Alipotaka kusema 'shusha magurudumu' alisema 'tafadhali, mama, shusha magurudumu.' Nilitamani ardhi ipasuke, lakini tulikuwa angani."

Ardis alitaka kucheka akashindwa.

"Kule mezani nilikuwa msemaji wa Sandhill. Niliongea, mwanangu! Niliongea mpaka sauti ikakauka. Ndiyo maana siku hizi nasema neno moja. Yaleyale, lakini koo linapona."

"Na kitanda? Tangu hapo hakikuachwa wazi hata kimoja?"

Verna aliliingiza bakuli kwenye jiko, akafunga mlango wake polepole.

"Kimoja. Cha chini, dirishani. Mwenyewe alistaafu wakati mimi niko kwetu Bemidji nimepasuliwa goti. Waliniambia kwa simu: Verna, chako hicho. Nikanunua shuka mpya. Niliporudi nikakuta kuna begi juu yake na mtu amelala, mdomo wazi."

Hicho ndicho kitanda cha Ardis. Alikikuta hakina shuka, akatupa begi lake, akalala. Ni kitanda kizuri; kutoka pale unaona ndege zinavyopanda juu ya miti, na alikuwa akijisifu kwa mama yake kwamba ana bahati. Sasa aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni.

"Mbona hukuniamsha? Mbona hukusema?"

"Nilikukasirikia. Usidhani mimi ni malaika. Miezi mitatu nilikuwa nikikuona unaoka mkate, moyoni nasema uungue. Lakini ulishakuwa umelala, Ardis. Najua ilivyo kurudi ukakuta vitu vyako viko koridoni. Nisingeweza kumfanyia mtu."

Nje wanaume walikuwa wameacha kazi na sasa wanatukanana. Ardis hakuwasikia. Alikuwa anafikiria jina lake na jina lililo chini yake.

Barabara zilipofunguka, kamati ya Ironwood ilikutana peke yake kabla ya kikao. Mwenyekiti wao, Kapteni Dale Hruska, mtu mwenye tumbo na sauti vilivyolingana, alisema leo wanafunga kazi. Bluestem hawana pa kukimbilia.

"Nina swali," alisema Ardis.

"Bwana weee," akaguna mtu.

"Hii Ironwood yetu, nayo ikinunuliwa mwakani, tutataka tuhesabiwe vipi?"

Hakuna rubani wa kampuni hizi ndogo asiyejua kwamba humezwa kama dagaa.

"Swali hilo silo la leo," alisema Hruska.

"Ni la leo. Siku hiyo tutataka miaka yetu ihesabiwe yote, na mtu asitolewe kwenye kiti alichokaa. Au siyo? Nani hapa atakubali kushushwa? Wewe, Dale?" Hruska alipekua karatasi zake. "Basi mkuki kwa nguruwe mtamu, kwetu mchungu. Mimi napendekeza hivi: hahamishwi mtu. Kila mmoja abaki kwenye kiti chake. Kiti kikiachwa wazi, achukue mwenye miaka mingi, na miaka ihesabiwe yote, hata ya kampuni zilizokwisha kufa."

"Ardis, una homa?" Hruska aliinama mbele. "Kwa hesabu hiyo wewe unarudi nyuma. Ukapteni wako unaondoka mbele ya macho yako. Unajua?"

"Najua."

Alijua vizuri sana, na ilimuuma. Asidanganywe mtu kwamba wema hauumi. Alikuwa amekitaka kiti kile miaka tisa, na alipokuwa akisema maneno yale alikiona kinasogea mbali, mwaka, miaka miwili, pengine mitatu. Hruska naye alibisha mpaka kahawa ikapoa. Lakini lile swali lilikuwa limeshawaingia kama mwiba, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kukumbuka mjomba, rafiki, mwalimu wao wa zamani aliyebandikwa mkiani mahali fulani. Kura zilipopigwa, pendekezo lilipita kwa tofauti ya kura mbili.

Mezani, Hruska alilisoma kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake. Watu wakageuka kumtazama msemaji wa Bluestem. Verna aliweka kikombe chini. Alimwangalia Ardis, uso uleule usiosomeka.

"Hatupingi," alisema.

Ardis alimpigia mama yake akiwa ndani ya gari, vioo vimejaa barafu. Alilia kidogo, akaeleza yote. Mama akauliza, "Sasa kanisa nitaliambia nini?"

"Waambie waendelee kuomba."

Verna alikuwa na safari ya siku tatu. Siku aliyorudi, saa nane mchana, amechoka kwa kuamka alfajiri, alifungua mlango wa chumba akasimama. Kitanda cha dirishani hakikuwa na shuka. Hakikuwa na mto, wala begi chini yake. Ardis alikuwa amekaa sakafuni, mizigo yake yote imemzunguka.

"Unahama?" Verna aliuliza.

"Hapana. Nimekiacha wazi. Sheria inasema uchague."

"Ardis, sheria haisemi mtu ajifukuze."

"Hainikatazi pia. Kitanda kiko wazi, mkongwe ni wewe. Chagua, Kapteni, nina usingizi."

Verna alibaki mlangoni na kofia yake mkononi. Kisha alikwenda kwenye kabati lake, akapekua chini kabisa, akatoa shuka za maua ambazo bado zilikuwa kwenye nailoni ya dukani. Aliivuta, haikuchanika. Ardis ilibidi amsaidie kuichana ile nailoni. Walitandika pamoja, huyu pembe hii, yule pembe ile. Verna alipolala ubavu, uso dirishani, hakusema asante. Alijifunika machozi yasionekane, na yalionekana.

Ardis akapanda ngazi. Godoro la juu lilikuwa na bonde katikati, fupi, la mwili wa Verna, na miguu ya Ardis ilitokeza nje. Alikuwa ndiyo kwanza amefumba macho pale mwenzao wa tatu alipoingia chooni. Taa ikampiga usoni. Maji yakavutwa, bomba likalia ukutani sentimita chache kutoka sikioni mwake.

Miaka minane, aliwaza.

Chini, dirishani, Kapteni Verna Tollefson, ambaye hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumsikia akilala usingizi mzito, alikuwa anakoroma.