Mbegu za Uzio wa Pearland

Masanduku ya Bi Amna yalikuwa bado yamefungwa kamba. Tangu auze nyumba yake Pearland, kando ya Houston, na kuhamia Mesquite, mwendo wa saa nne kwa gari, kwa bintiye Nawal, alikuwa akichomoa kanga moja moja kama mgeni wa siku mbili.

"Mimi napita tu," alisema. "Maua yangu yakiukubali udongo wa huku, nitakaa. Yakikataa, narudi Pearland kwa shoga yangu Khairiya."

Maua yenyewe yalikuwa ya buluu, ya kutambaa. Yalifunika uzio wake na kuchipua kila mwaka bila kupandwa upya. Mwenye nyumba mpya aliyang'oa. Zilizobaki ni mbegu chache ndani ya kopo la iliki.

Nawal alikuwa amemaliza chuo majuzi, na bado aliamini kwamba hakuna kisichobembelezeka. Akaloweka baadhi. Zikakaa majini kama changarawe, na alipozipanda zikaoza. Nyingine alizichanja kwa kikata kucha, zikapasuka. Kopo likabaki na mbegu tano.

Jumamosi waliketi kwenye ngazi za mlangoni.

"Mama, tatizo ni ganda. Maji hayapenyi. Linataka kukwaruzwa kidogo, lisivunjike."

"Kukwaruzwa?" Bi Amna akainua uso. "Kama komwe?"

"Komwe ndiyo nini?"

"Ala! Kumbe nimezaa Mmarekani! Zile mbegu za kuchezea bao, mwanangu." Akachukua moja koponi, akaanza kuisugua kwenye saruji, mbiombio. "Utotoni tulizisugua hivi, na zikishika moto..."

Akambandika Nawal mkononi.

"Mama!" Nawal aliruka, kisha akajitazama mkono. "Mbona haiunguzi?"

"Hii ndogo. Ingekuwa komwe, ungefika Houston kwa miguu."

Walicheka hadi jirani akachungulia. Kisha wakazisugua zote, taratibu, mpaka kila moja ikaonyesha kidoa cheupe, wakaziloweka. Asubuhi zilikuwa zimevimba kama kunde zilizolala majini. Wakazipanda kwenye vikopo vya mtindi dirishani.

Siku machipukizi matatu yalipoinua udongo, Bi Amna aliyagusa moja moja kwa ncha ya kidole. Akaingia chumbani. Nawal, angali ameinamia dirisha, akasikia mkasi ukikata kamba.

"Nawal wee! Njoo uniambie, sufuria zangu hizi nizipange wapi? Makabati yako yote yamejaa vikombe vya chuo!"