Mtu Aliyetoka Maonyeshoni

Alasiri aliyorudi Lukumani kutoka Ulaya, mtaa mzima ulihamia sebuleni kwake. Waliokosa viti walikaa mikekani, waliokosa mikeka walisimama dirishani wakiegemeana mabega, na Safi, mkewe, alipita katikati yao na birika la kahawa, amejifunga kitenge kipya kama bibi harusi. Wote walimtazama Lukumani mdomoni. Hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kufika mbali kuliko Leopoldville. Huyu alikuwa amepanda ndege, amekaa Brusseli msimu mzima kwenye maonyesho makubwa ya dunia, na sasa ameketi mbele yao akiwa hai, amenyoa ndevu, na viatu vyake ni vya ngozi.

"Alors, papa Lukumani," jirani mmoja alianza, "tupe habari. Bulaya iko namna gani?"

Lukumani alipuliza kahawa yake. Kisha akasema, "Kuna baridi."

Watu walicheka, wakidhani ni utangulizi. Walingoja. Mmoja akauliza kama ameuona mnara mrefu wa Paris. Mwingine akataka kujua kama kanisa kubwa la Roma ni kubwa kweli, ama ni maneno ya mapadri. Mzee mmoja aliyekuwa akijiwekea akiba ya kwenda Maka aliuliza kama ndege inapita juu ya Misri, na kama yale majengo ya Firauni yanaonekana kutoka juu. Kila swali lilipotua, Lukumani alitikisa kichwa taratibu, akatazama kikombe chake. Jua liliposhuka nyuma ya mapaa walianza kuondoka, mmoja mmoja, kama watu waliokwenda harusini wakakuta wali haujapikwa.

"Amerudi na maringo," alisikia mtu akisema uani.

Safi naye aliyasikia maneno yale. Alikusanya vikombe, na kitenge chake kipya hakukivaa tena.

Lukumani alikuwa mchongaji, mwana wa wachongaji, wa zile koo za Kiislamu ambazo mababu zao walifika Kisangani kwa misafara ya biashara, wakabaki. Enzi za Wabelgiji, meli za mto zilipotia nanga, wasafiri walishuka na kofia zao nyeupe na vitabu vyenye ramani, na kila kitabu kiliwaambia jambo moja: usiondoke mji huu kabla ya kuyaona maporomoko ya Wagenia. Basi walikwenda. Waliwaona wavuvi wakitambaa juu ya miti iliyosimikwa katikati ya maji yanayonguruma, wakiteremsha mitego yao mikubwa kama mapipa ya fito. Walipiga picha. Wakirudi melini walimkuta Lukumani gatini, ametandaza kitambaa, na juu ya kitambaa mvuvi yuleyule amechongwa kwa mpingo, na mti wake na mtego wake, mdogo wa kutosha kuingia katika sanduku la safari.

Ndiyo kazi iliyompeleka Ulaya. Afisa mmoja wa serikali aliviona vinyago vile, akaandika jina lake. Aliambiwa anakwenda kuonyesha ufundi wake mbele ya mataifa. Safi alilia kwa furaha. Aliporudi bila maneno, Safi alisubiri. Alifikiri ni uchovu, kisha akafikiri ni ugonjwa, na mwisho akafikiri lile analolifikiri kila mke.

"Niambie tu kama kuna mwanamuke," alimwambia siku moja, akichambua sombe, majani ya muhogo. "Mimi nitavumilia. Kitu sitavumilia ni kukaa na ukuta."

"Hakuna mwanamke."

"Basi kuna nini?"

Lukumani aliendelea kusugua kinyago kwa msasa. Neno lilikuwepo, amelishika kooni muda wote, lakini lilikuwa kama mwiba wa samaki: kulitoa ni kujichana, kulimeza pia ni kujichana. Heri kulibakiza palepale na kupumua kwa pembeni.

Uhuru ulikuja na ngoma, ukafuatwa na vurugu. Wabelgiji wengi waliondoka kwa haraka. Meli zilipungua, na zilizofika zilileta askari na mifuko ya chumvi. Hakuna aliyekuja tena kuyaona maporomoko, ingawa maporomoko yalikuwa palepale, yakinguruma kama hayana habari. Vinyago vilijaa rafuni mpaka Lukumani akaanza kuchonga vijiko na vinu. Katika miaka ile ya njaa na uvumi, Safi alikwenda kwa kaka yake upande wa pili wa mto, Lubunga, kumuuguza mama yao. Mama alipona. Safi hakurudi. Hakukuwa na ugomvi wala talaka. Kila mtu aliyepita akimuulizia mkewe, Lukumani alijibu kwamba yuko kwao, na jibu lile lilikuwa la kweli, na kila mwezi lilizidi kuuma.

Waasi waliuteka mji mwezi wa Agosti, miaka minne baada ya uhuru. Walikuja wakitembea, majani vichwani na ngozi za chui begani, wakiamini dawa waliyopakwa itazigeuza risasi kuwa maji, na askari wa serikali waliowaona walitupa bunduki wakakimbia. Siku za kwanza watu waliwashangilia. Halafu Simba, ndivyo walivyojiita, wakaanza kutafuta maadui. Makarani walichukuliwa, na walimu, na kila aliyevaa miwani. Walipelekwa mbele ya mnara wa waziri mkuu aliyeuawa, mahali ambapo zamani watu walipiga picha Jumapili. Wengi hawakurudi.

Nani alimtaja Lukumani hakujulikana. Pengine mmoja wa wale walionyimwa hadithi. Vijana wawili walimkuta karakanani, wakamtoa jinsi alivyo, vumbi la mbao mikononi.

Mkuu aliyeketi mezani chini ya mnara aliitwa Arthur. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni kabla ya kuvaa ngozi, na bado alikuwa na ile sauti ya kungoja jibu kutoka darasani. Umati ulikuwa umekusanywa kushuhudia. Kwenye saruji kulikuwa na madoa ambayo Lukumani hakutaka kuyatazama.

"Wewe njo ulienda Bulaya," Arthur alisema. "Banasema ulikula ku meza ya bazungu. Banasema toka urudi hausalimie tena batu. Bon. Sema. Bazungu balikupatia nini?"

Lukumani aliutazama umati. Aliwaona majirani zake. Aliona kwamba atakufa akiwa na maringo, na kwamba ndilo jina litakalobaki. Ndipo mwiba ukatoka.

"Walitupatia bustani," alisema. "Walijenga vibanda vya majani kwenye bustani, vikazungushiwa ua wa mianzi. Walisema hiki ni kijiji cha Kongo. Mimi nilikaa mlangoni mwa kibanda, nikachonga. Kila asubuhi tuliletwa na basi, kila jioni tulirudishwa. Na watu walipita nje ya ua kututazama."

"Banatazama kazi?"

"Wengine kazi. Wengine walitutazama sisi. Mtoto alimuuliza mama yake kama ninajua kusema. Nikikaa kimya wanapiga midomo, kama unavyomwita mbuzi. Wakatupa vijisenti. Wakatupa ndizi, juu ya ua."

Arthur alikuwa ameacha kucheza na kalamu.

"Na mji?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Ule munara yao, ya mipira ya chuma? Niliiona kwa gazeti."

"Niliiona pia. Ilikuwa juu ya miti, inang'aa. Niliitazama kila siku kutoka mlangoni. Sikuingia."

Arthur alivuta pumzi, akaandika kitu. Kisha akatoa hukumu yake: "Hautakufa. Utasema."

Hivyo Lukumani akaokoka, na hivyo akapotea upya. Kila mkutano wa hadhara aliletwa, sokoni, uwanjani, Mangobo, Tshopo karibu na bwawa la umeme, akasimamishwa na kuambiwa aseme. Mwanzoni watu walilia. Wanawake walimshika mikono. Lakini neno likisemwa kila siku huisha ladha kama muwa uliotafunwa, na Arthur, aliyejua darasa linavyochoka, akaagiza pajengwe ua mdogo wa matete juu ya lori, ili watu waelewe vizuri. Lukumani aliwekwa ndani yake, na patasi na gogo. "Chonga," aliambiwa. Akachonga. Umati ulisukumana kusogea karibu. Aliinua macho akaona nyuso za mji wake mwenyewe zikimtazama juu ya matete, na kwa mshtuko akagundua kwamba hazina tofauti kubwa na zile nyingine. Watu wale walimhurumia, ndiyo. Ila kuna huruma inayokaa nje ya ua na kusubiri uinue uso ili ikuone vizuri.

Siku moja sokoni, nyuma kabisa, aliuona uso wa Safi. Alimwona mara moja tu. Alipoangalia tena, mahali pake palikuwa wazi.

Novemba ndege zilipita chini, askari wa Ulaya wakashuka kwa miamvuli, na kwa asubuhi chache mji ukawa mlio wa risasi. Simba walikimbilia msituni. Arthur hakuonekana tena. Nyuma ya Wazungu wale lilifuata jeshi la serikali, likiuliza nyumba kwa nyumba ni nani waliowahutubia watu kwa niaba ya waasi. Lukumani hakungoja kuulizwa. Alipita njia ya mtoni hadi kwa Wagenia, kwa Valère, yule mvuvi ambaye umbo lake alilichonga mara nyingi kuliko la binadamu mwingine yeyote.

Valère hakuuliza kitu. Alimvisha kaptula kuukuu na kumpa fito za kusuka. Askari walipofika, walimwelekezea Lukumani bunduki.

"Huyu nani?"

"Kaka yangu," Valère alisema bila kusimamisha mikono. "Hasemi. Toka alizaliwa."

Askari alipiga midomo, kujaribu. Lukumani aliendelea kusuka. Wakaenda zao.

Alikaa kwa wavuvi mpaka mvua zikapungua. Mchana alisuka mitego, jioni alikula samaki na lituma ya ndizi za kupondwa pamoja na familia ile, na walipopiga magoti kusali sala yao naye alikwenda ukingoni kusali yake. Alikuwa kati ya watu, na upweke wake ulikaa naye kama mgeni asiyeaga. Lakini kulikuwa na jambo lililomsumbua kwa namna mpya. Alimtazama Valère akipanda miti ile iliyolowa, povu likiruka mpaka kifuani, na akakumbuka kofia nyeupe zilizokuwa zikisimama mwambani. Yeye mwenyewe aliwahi kuwaongoza wageni mpaka pale na kuwaonyesha kwa kidole.

"Valère," alimuuliza, "wakati bazungu walikuja kukutazama. Uliona namna gani?"

Valère alifikiri. "Miye nilitazama mayi," alisema. "Mutu akiwa juu ya miti, akianza kutazama batu, anaanguka."

Alisema hivyo kama anavyoeleza hali ya hewa, akarudi kwenye kamba zake. Lukumani alibaki na maneno yale. Hayakumponya. Aliyageuza tu, siku hata siku, kama mtu anayegeuza kipande cha mbao akitafuta mshipa wake uko upande gani.

Aliporudi mjini, alikuta mlango wa nyumba yake umevunjwa na karakana imesafishwa, hata rafu imebebwa. Alifagia. Aliazima nyundo, akapigilia mbao. Majirani walimsalimu kwa sauti ya chini, na yeye aliwaitikia. Hakuna aliyemuuliza habari. Sasa kila mtu alikuwa na kitu asichotaka kuulizwa.

Safi alifika asubuhi moja kwa mtumbwi wa kuvuka, na kikapu cha mihogo kichwani. Alikuwa amekonda. Alitua kikapu kizingitini, lakini hakuingia.

"Nilisikia uko hai," alisema.

"Niko."

"Nilikuona kule sokoni."

"Najua."

"Sikusikiliza." Alitazama mikono yake. "Nilisikia umetaja ule muji, nikaziba masikio, nikaenda. Nilisema, kama ni maneno ya kusikia pamoja na batu yote, basi si yangu."

Lukumani alimsogezea kigoda. Safi alikaa. Kwa muda walisikiliza watu wa jirani wakitwanga, na mbali, chini ya sauti zote, mto.

Alianza kumweleza. Hakuanza na ua. Alianza na basi, jinsi lilivyopita asubuhi kwenye mitaa ya nyumba za matofali, na wanawake wakisugua vizingiti vyao kwa maji ya sabuni, wamepiga magoti barazani kama wanaswali. Safi alitaka kujua kama waliimba wakisugua. Hawakuimba. Alimweleza mkate wa huko, na mbwa waliovishwa makoti. Kisha ua, na watu, na ile mipira ya chuma juu ya miti. Sauti yake ilikuwa ikipita vizuri mpaka hapo, kwa kuwa njia hii ilikwisha kukanyagwa. Halafu akafika pale ambapo hakuwahi kumfikisha Arthur wala umati.

"Siku ya kwanza," alisema, "sikujua. Mzee mmoja alinitupia ndizi. Nilifikiri ni ukarimu, nilifikiri ndivyo wanavyompa mgeni. Nikaiokota, Safi. Nikaweka mkono kifuani, nikamshukuru. Nikaimenya, nikaila mbele yao. Wakapiga makofi. Nami nikacheka pamoja nao."

Alingoja aone huruma ikimjia Safi usoni, ile anayoijua. Safi alikuwa amekunja uso kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka bei ya kitu.

"Ilikuwa tamu?" aliuliza.

Lukumani alimtazama. Miaka yote ile hakuwahi kujiuliza. Ilimbidi arudi mpaka mlangoni mwa kibanda, kwenye ubaridi wa asubuhi ile, aiweke tena mdomoni.

"Hapana," alisema mwishowe. "Ilikatwa mbichi."

Safi aliitikia kwa kichwa polepole. "Ilikuwa na safari ndefu," alisema, na akauvuta karibu kikapu cha mihogo, akaomba kisu cha kumenyea.